Jinsi ya Kumfelisha Mwanafunzi kwa Adabu

Karibu uketi, mwalimu mwenzangu. Nasikia umepewa kalkulasi ya mwaka wa kwanza: wanafunzi 240, ukumbi wenye feni mbili na kipaza sauti kinachokwaruza. Basi nikwambie mapema jambo ambalo kwenye kikao cha idara halisemwi kwa sauti. Watafeli. Mimi na wewe hatuwezi kulizuia hilo. Tunachoweza ni kuchagua wafeli lini, na kwa bei gani. Anayefeli mtihani wa mwisho wa muhula, wenye alama 60 kati ya 100, analipa kwa sapu, mtihani wa marudio. Sapu ikimshinda, anadisko, yaani anaondolewa chuoni, na huko nyumbani kuna mzazi aliyeuza ng'ombe ili mtoto apande basi. Anayefeli wiki ya pili, kwenye kijikaratasi cha maswali mawili chenye alama moja, analipa bei ya andazi. Mimi nakufundisha kufelisha kwa bei ya andazi.

Kazi usiihofu. Kila mbinu ninayokupa inakupunguzia mzigo, na ndiyo maana inadumu. Mbinu inayomtaka mwalimu awe malaika huishia wiki ya nne.

1. Felisha kabla hujafundisha

Wiki ya kwanza, kabla hujaandika hata limiti moja ubaoni, toa maswali sita kwa dakika 15. Usiulize kalkulasi. Uliza mambo ya sekondari: mabano, sehemu, vipeo, vipeuo, ile MAGAZIJUTO yetu ya mpangilio wa matendo, ya tangu shule ya msingi. Aliyetoka PCM (fizikia, kemia na hesabu) na A yake ya hesabu atatabasamu. Aliyesoma PCB, yenye baiolojia mahali pa hesabu, hesabu akaigusa kupitia somo la hesabu ya msingi la BAM tu, atameza mate. Subiri. Wote wawili watateleza kwenye tope lile lile.

Kusanya karatasi uone. Kipeuo cha pili cha x² + 9 kimeandikwa x + 3. (a + b)² imekuwa a² + b². Moja gawanya kwa x + 2 imepasuliwa ikawa 1/x + 1/2. Na sin 2x imegeuka 2 sin x. Yanaonekana makosa manne, lakini ni ugonjwa mmoja: mwanafunzi aliwahi kufundishwa kwamba kuzidisha kunaingia ndani ya mabano, akaamini kwamba kila kitu kinaingia. Hili ndilo linaloangusha watu kwenye kalkulasi. Kalkulasi yenyewe wengi wao wanaielewa.

Kipindi kinachofuata usiwahubirie. Waambie waweke x = 4 kwenye lile la kwanza. Upande mmoja watapata 5, upande wa pili 7. Nyamaza. Ukumbi mzima ukigundua jambo kwa wakati mmoja hutoa mnong'ono kama mvua inayoanza juu ya bati, na ukishausikia mara moja utautafuta kila mwaka. Kisha x = 2 kwenye ile sehemu: robo upande huu, moja nzima upande ule. Umewapa silaha ya maisha: ukishuku fomula, itie namba. Na umewafelisha wote, wa PCM na wa PCB, bila kumpunguzia mtu alama hata moja, maana jaribio hili halihesabiwi popote. Usiwaambie hilo kabla.

2. Iba dakika kumi

Kwizi isiwe tukio. Ukiitangaza wiki mbili kabla, ukachapa karatasi yenye nembo ya chuo, ukaita wasimamizi, umeshatengeneza mtihani, na mtihani huleta homa. Iibe. Dakika kumi za mwanzo wa kipindi, kila wiki, siku ile ile, nusu karatasi wanayoikata wenyewe kutoka daftarini. Anayechelewa anaikuta imekwisha. Suala la wanafunzi kuingia saa mbili na nusu kwenye kipindi cha saa mbili litakuwa limejimaliza, na hukumgombeza mtu.

Maswali yawe mawili tu. La kwanza litoke kwenye kipindi kilichopita. La pili, na hili ndilo lenye dawa, litoke wiki tatu nyuma. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejikaririsha orodha za silabi zisizo na maana na kupima jinsi zinavyomtoka, alichapisha matokeo yake mwaka 1885: tunachojifunza hutoroka upesi sana mwanzoni, kisha kasi hupungua. Swali la wiki tatu nyuma linakifuata kile kilichotoroka na kukirudisha zizini. Wanafunzi watalalamika kwamba "hiyo ilishapita." Hasa.

Muda upime kwa saa yako. Kaa ufanye kwizi mwenyewe, uandike kila hatua. Ukitumia dakika mbili, wape nane. Ukitumia nne, swali ni refu mno, lipunguze.

3. Waache waangalizie

Kuzuia watu 240 wasichungulie kwa jirani, kwenye ukumbi ambao magoti ya huyu yanagusa mgongo wa yule, ni vita usiyoiweza. Usiipigane. Andika ubaoni: "Acha a iwe tarakimu ya mwisho ya namba yako ya usajili. Tafuta derivativu ya (ax² + 1)⁵." Basi. Una karatasi kumi tofauti bila kuchapa hata moja. Anayeangalizia kwa jirani anapata jibu la jirani, na namba yake ya usajili inamshtaki. Mwenye sifuri atumie 10, la sivyo swali linamfia mkononi: mabano yanabaki na 1 tupu, na derivativu ya 1 ni sifuri.

Sasa tazama raha yenyewe. Jibu lako wewe ni moja: 10ax(ax² + 1)⁴. Unasoma namba ya usajili, unazidisha kwa kumi, unatazama karatasi. Aliyeandika 5(ax² + 1)⁴ akaishia hapo amesahau kudiferenshieti kilicho ndani ya mabano, na amefanya kosa lake binafsi, kwa mkono wake. Hicho ndicho tunachokitafuta. Kosa la kuazima halimfundishi aliyeliazima.

Kazi ya nyumbani kwa stadi hizi za kudiferenshieti iache. Tangu Photomath itoke mwaka 2014, simu inalisoma swali kwa kamera na kutoa hatua zote, na siku hizi programu za namna hiyo ni nyingi. Mwanafunzi akikuletea kazi ya nyumbani isiyo na mkato hata mmoja, sijui umempima yeye au simu. Nyumbani wape matatizo marefu, ya kujadiliana vyumbani mwao mpaka usiku. Stadi zipime ukumbini, kwa kalamu.

4. Usibebe rundo nyumbani

Piga hesabu. Karatasi 240, kila moja dakika tatu, ni saa 12. Ukifanya hivyo wiki ya kwanza, wiki ya tatu utakuwa umeacha kwizi, na lawama utawapa wanafunzi. Sasa weka sekunde 20 kwa karatasi: ni dakika 80, chai mbili. Sekunde 20 zinatosha kwa alama tatu tu: vema, nusu, rudi. Usiandike maelezo pembeni. Ukiona kosa moja limejirudia kwenye karatasi sitini, maelezo yake yana mahali pake, ubaoni, mara moja, kwa wote.

Njia fupi zaidi ni kubadilishana. Wape dakika tatu, kila mmoja asahihishe ya jirani kwa kalamu ya rangi nyingine. Kwa kuwa a ya jirani si a yake, lazima alifanye swali upya. Amefanya kwizi mbili akidhani amefanya moja. Kisha wewe pitia ishirini za kuokoteza uone kama wamepeana alama za undugu. Wakijua unapitia, hawapeani.

Na chuo chenu kikiwa na kompyuta za kutosha na umeme usiozimika ovyo, kuna njia pana zaidi. Pale Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, miaka ya 1990, Arnold Pizer na Michael Gage walitengeneza WeBWorK, programu inayompa kila mwanafunzi namba zake na kumwambia hapo hapo kama amepata. Uingereza wana STACK ya Chris Sangwin, inayotambua kwamba majibu mawili yaliyoandikwa tofauti ni jibu lile lile. STACK hiyo imeshafika Maseno, Kenya, inatumika kwenye madarasa makubwa kama lako, kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Bila kompyuta, una ubao, chaki na namba ya usajili, na hivyo vitatu havikatiki umeme.

5. Weka lango, kisha liache wazi

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa hiyo nivumilie.

Kuna stadi chache ambazo mtu asiyezijua hapaswi kupita hata kama anajua mengine yote: kudiferenshieti kwa kanuni ya mnyororo, kanuni ya kuzidisha na ile ya kugawanya. Zikusanye kwenye jaribio la maswali saba. Anayepata sita anapita, anayepata tano anarudia. Usitoe nusu alama. Najua inauma, na wanafunzi watakuja ofisini na vidole kwenye mstari: "Dokta, hapa nilikuwa sawa mpaka hapa." Muulize kwa upole: fundi wa umeme aliyeunganisha waya zote sawasawa isipokuwa ule mmoja, utamwachia awashe swichi?

Lakini ukali huo ni halali kwa sharti moja tu. Kurudia kuwe bure. Mara moja kwa siku, siku yoyote kabla ya wiki ya kumi, namba mpya kila mara, na alama inayoandikwa ni ya siku aliyopita. Awe amepita mara ya kwanza au ya saba, daftari linaandika neno moja: amepita. Hakuna anayejua alikuja mara ngapi ila wewe, yeye na anayesimamia.

Fred Keller, mwanasaikolojia wa Marekani, alisaidia kuanzisha kozi ya namna hii Brasília mwaka 1964: mwanafunzi haendi sura ya pili kabla hajaimudu ya kwanza, na kurudia hakumpunguzii kitu. Mwaka 1968 aliielezea kwenye makala ambayo kichwa chake kilimuaga mwalimu. Mwaka huo huo Benjamin Bloom wa Chicago aliandika kwamba wanafunzi wengi wanaweza kufika pale wanapofika wachache, mradi muda ndio uruhusiwe kubadilika na kiwango kibaki pale pale. Sisi tumezoea kinyume chake: muda ni wiki 15 kwa wote, na kiwango kila mtu anachukua anachoweza. Chuo Kikuu cha Michigan kimeweka malango ya aina hii kwenye kalkulasi kwa miaka mingi, na mwanafunzi anarudi langoni mpaka lifunguke.

Utaniuliza, nani atakaa kusimamia marudio hayo? Chukua wanafunzi wa mwaka wa tatu. Wawili, saa moja kila jioni, kwenye chumba cha semina. Hakuna anayejifunza kanuni ya mnyororo kwa undani kama mtu aliyeisahihisha mara mia.

6. Linda fahari ya mtu, hata yule wa mwisho

Cambridge ya zamani ilikuwa na namna yake ya kumtangaza wa mwisho. Mtihani wa heshima wa hesabu, Tripos, ulipanga wanafunzi kwa mstari kuanzia wa kwanza, aliyeitwa Senior Wrangler, hadi wa mkiani. Wa mkiani miongoni mwa waliopata heshima hiyo alikuwa akipewa kijiko kikubwa cha mbao mbele ya watu. Kijiko cha mwisho kilitolewa mwaka 1909. Kilitengenezwa kwa kasia la mtumbwi wa mashindano. Baada ya hapo chuo kiliacha kutangaza mpangilio wa nafasi, kijiko kikakosa wa kukabidhiwa.

Sisi hatukuwa na kijiko. Tulikuwa na ubao wa matangazo. Mimi nimesimama mbele ya ubao huo nikiwa mwanafunzi, nikitafuta namba yangu kwa kidole kwenye orodha iliyobandikwa kwa gundi, na nyuma yangu watu wakizitafuta za kwao na ya kwangu pia. Nilikuwa nimepata 11 kati ya 40. Sikurudi kwenye kipindi kile kwa wiki tatu. Wiki tatu za kanuni ya mnyororo zilinipita kwa sababu ya karatasi moja na gundi.

Kwa hiyo, mwenzangu, usibandike. Rudisha karatasi zikiwa zimekunjwa, alama ndani. Ukitaka kusifu, sifu hatua bila kumtaja mtu: chukua suluhisho moja zuri, liandike ubaoni, sema "hili limetoka kwenye safu ya nyuma." Safu yote ya nyuma itanyoosha migongo. Binadamu ni mtu wa sifa, hilo huliondoi. Unachoweza ni kumpa cha kujisifia ambacho hakimvunji jirani yake.

Na fahari yako nawe ifungie ofisini. Kwizi ya dakika nane si mahali pa kuonyesha kwamba uliandika tasnifu. Swali la mtego, lile la kuwafanya wakune vichwa wewe ukizunguka na mikono nyuma, linakupima wewe. Namba ziwe safi. Ukitaka kujua kama anajua kanuni ya mnyororo, usimfichie ndani ya 17/23.

7. Mjibu mwenzako wa ofisi ya jirani

Yupo kila idara. Atakuegemea mlangoni na kukuambia: "Wewe kila wiki unapima tu. Mtoto ananenepa kwa kuning'inizwa kwenye mizani ya kliniki?" Usikasirike, hoja yake ina uzito. Mjibu kwamba mizani hii ni ya aina yake: hii inalisha.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, waliwapa wanafunzi aya fupi za kusoma. Kundi moja lilisoma mara nne. Jingine lilisoma mara moja, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40, waliojipima asilimia 61. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka. Zile zilikuwa aya za maelezo na siyo hesabu, na haki yake mwenzako akikukumbusha. Lakini mtazame mwanafunzi wako anavyosoma usiku wa kuamkia mtihani: suluhisho la mwaka jana mbele yake, kichwa kinaitikia kila mstari, ndiyo, ndiyo, hapo sawa. Hajafanya kitu. Ameitikia tu. Kijikaratasi chako cha Jumanne ndicho kinachomfunikia desa lake na kumuuliza: haya, bila kuangalia?

8. Kaa mlangoni wiki ya tisa

Wiki ya tisa foleni ya lango itakuwa imepungua. Waliobaki ni wale wanaokuja wameinamisha kichwa. Wafahamu kwa majina. Ambaye hajaonekana kabisa mtafute kupitia kiongozi wa darasa. Mara nyingi hajashindwa hesabu, ameshindwa nauli au kodi ya chumba, na hilo lina ofisi yake ambayo huenda haijui.

Muhula uliopita alikuwepo binti mmoja aliyekuja mara nne. Mara zote nne alipata tano kati ya saba, na mara zote nne jeraha lilikuwa pale pale: (3x² + 1)⁵, kwa mfano, ilitoka 5(3x² + 1)⁴, ikiwa imeacha kilicho ndani. Kila mara nilimpa karatasi yake, nikaweka nukta mahali ambapo derivativu ya ndani ingekaa, sikusema zaidi. Jioni ya tano alifika akiwa na mwavuli unaodondosha maji.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Umekuja."

"Nimekuja."

Nikampa karatasi mpya, namba mpya. Kabla hajaandika jibu la swali lolote, alipita maswali yote saba, na kila penye mabano akachora kisanduku kidogo kitupu pembeni, akiacha nafasi. Halafu akarudi mwanzo na kuvijaza vile visanduku kimoja kimoja: derivativu ya kilicho ndani, kisha ya kilicho nje. Alimaliza kabla ya muda, akakaa na karatasi yake dakika nzima, akaileta.

Saba kati ya saba. Nikafungua daftari, nikaandika neno lile moja, nikageuza daftari alione. Mlangoni walikuwa bado kumi na mmoja.

"Anayefuata."